Fundi wa Kitale asiyetoa mkono mpaka azime mashine

Saa mbili asubuhi, baridi ya Mlima Elgon bado haijaachilia Kitale, na Mama Jepkorir ameketi kwenye benchi akiwa amefura kwa hasira. Ametoka Endebess na mkokoteni wake wa kubebea mikebe ya maziwa, ekseli imekatika. Amefika, amepiga hodi, amenyoosha mkono kama mtu aliyelelewa kwao. Fundi hajaupokea. Ameelekeza kiwiko upande wa benchi, akaendelea na kazi yake.

Na benchi lenyewe limekipa kibanda mgongo. Ukilikalia unatazama barabara, bodaboda na akina mama wa mitumba. Fundi na moto wake wako nyuma yako, nyuma ya mabati makuukuu yaliyosimamishwa kama ukuta.

“Nimeleta mkokoteni, nikawekwa kama mtoto ameadhibiwa,” Mama Jepkorir anamwambia muuza viazi wa jirani. “Huyu ni fundi ama ni mheshimiwa?”

Muuza viazi anacheka mpaka anaweka kisu chini. Mtaa huu wa jua kali wote unamwita hivyo, Mheshimiwa, na si kwa kumheshimu.

Jina lake ni Protus Wakhungu, mzaliwa wa Misikhu, kaunti ya Bungoma. Kazi yake ni kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, majembe ya trekta, chochote kilichokatika shambani.

Mlio wa moto unakoma. Wakhungu anazima swichi ya ukutani, kisha anachomoa plagi. Anakitundika kishikio cha rodi ya kuchomelea, ambacho mafundi hukiita holda, kwenye kigingi cha mbao. Anavua ngao ya uso, anavua glavu, ananawa mikono, anaifuta. Hapo ndipo anapotoka nje.

Basi ukiiona hiyo salamu utasahau ulikuwa umekasirikia nini. Anaushika mkono wa Mama Jepkorir kwa mikono yake miwili. Anamwamkia kwa Kikalenjin cha kuokoteza, anauliza habari za ng'ombe, za mahindi, za mvua ya huko Endebess, na mkono bado hajauachilia.

“Sasa hii ndiyo salamu,” anasema mama, uso umelegea. “Si ungeanza nayo?”

“Ningeanza nayo, mama, ningekusalimia na stima.”

Mama Jepkorir anacheka, na Wakhungu anacheka naye. Lakini yeye si mtu wa kutania jambo hilo.

Wakhungu alifiwa na baba yake mapema, akalelewa na Mzee Khisa, kaka mkubwa wa baba yake. Mzee ndiye aliyeuza fahali ili kijana apelekwe kwa fundi mmoja wa Webuye kujifunza kazi. Wakhungu aliporudi Misikhu na kuanza kujitegemea, alitaka kumshukuru kwa kitu cha kuonekana na kila apitaye njiani. Akaamua kumtengenezea geti.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, watu wako kwenye kupanda, na asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Wakhungu alivuta waya kutoka nyumbani kwa mzee hadi langoni, akalisimamisha geti kwenye nguzo, akaanza kuchoma. Ardhi chini ilikuwa matope. Viatu vyake vya turubai vilikuwa vimelowa, shati limeshikana na mgongo kwa jasho. Mpini wa holda ulikuwa na ufa, naye alikuwa ameufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Mzee Khisa akatoka shambani, mikono ina maji ya udongo. Ili avuke mtaro wa langoni, alilishika geti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akamnyooshea mwanawe. “Mulembe,” akasema, salamu yao ya amani.

Katika nyumba za Wabukusu mkono wa mzee hauachwi hewani. Wakhungu akavua glavu ya kulia. Holda akaibana kwapani, upande wa kushoto, akampa mzee mkono.

“Hapo ndipo sisi mafundi hukosea,” anasema. “Unaibana kwapani kama mwalimu anabana gazeti. Kila mtu anafanya hivyo, hata leo ukizunguka hapa utawaona. Na mimi shati ilikuwa maji.”

Anaueleza mwendo wa stima ile kwa kidole, akijigusa mwilini. Iliingia kwapani, ikapita kifuani, ikashuka na mkono wake, ikaingia mkono wa mzee. Mzee ameshika geti. Na geti ndilo lililobanwa waya wa kurudisha umeme kwenye mashine.

“Mimi na mzee ndio tulikuwa waya,” anasema.

Viganja vilikazana. Hakuna aliyeweza kumwachilia mwenzake, na sauti haikutoka. Kilichowaokoa ni matope: mzee aliteleza akaangukia mtaroni, mkono wake wa kushoto ukabanduka kwenye geti.

Walipona wote wawili. Lakini mkono wa kulia wa Mzee Khisa haukurudi kama zamani. Kikombe kilimponyoka, jembe likamshinda. Sokoni Misikhu maneno yakaanza kunong'onwa, kwamba mkono wa Wakhungu una kitu, kwamba huyo si mtu wa kusalimiana naye ovyo. Wateja wakapungua, mmoja mmoja, bila kuaga.

Mzee mwenyewe aliacha tu kumpa mkono. Wakikutana matangani au harusini, mzee husalimia mstari mzima wa watu, na akimfikia Wakhungu huinua kofia na kupita.

“Kofia,” anasema Wakhungu, na hapo hacheki. “Mtu amekulea, anakusalimia na kofia. Afadhali angenitukana.”

Akahamia Kitale. Geti liliachwa lilivyo, nusu limechomelewa, nusu limefungwa kwa waya wa seng'enge. Wengine walijitolea kulimaliza. Mzee alikataa lisiguswe na mtu.

Huku Kitale, kitu cha kwanza Wakhungu alichotengeneza hakikuwa cha kuuza. Kilikuwa hilo benchi. Alilielekeza barabarani kwa sababu mtu akiongea nawe hukutazama, na akikutazama ukichoma, moto huo unamwingia machoni, na usiku atalia kama aliyetiwa mchanga. Holda ikipata ufa, inatupwa siku hiyo hiyo. Husimama juu ya ubao mkavu, kwa buti zisizotoboka.

Yote hayo yanamgharimu. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu moja na mia mbili. Siku ambayo watu wawili watatu wameona wamedharauliwa wakahamia kwa jirani, hata nusu ya hizo hazioni. Kipkemboi, fundi wa kibanda cha pili, humwambia wazi kwamba wateja wake wengi ni wale waliokimbia benchi.

“Nikikunyima salamu utanichukia hadi jioni,” Wakhungu humjibu. “Nikikupa vibaya, pole nitampa nani?”

Mwaka huu, jirani mmoja wa Mzee Khisa anayeitwa Sifuna alifika Kitale na wilbaro iliyovunjika mguu. Akakutana na kiwiko. Akakaa benchi, akiangalia barabara, damu inamchemka. Aliporudi Misikhu alisimama sokoni akatangaza kwamba yule mtoto wa Khisa amekuwa mkubwa sana, ati siku hizi watu wa kwao anawapa mgongo.

Mzee Khisa alikuwa palepale, ananunua chumvi. Watu wakangoja wasikie atamlaani vipi. Yeye akauliza swali moja tu.

“Na alipokuja kukusalimia, alikuwa ameshika nini?”

Sifuna akafikiri. Akasema hakuwa ameshika kitu. Alikuwa ametoka kunawa.

Mzee akachukua chumvi yake akaenda nyumbani. Wiki iliyofuata ujumbe ukafika Kitale: geti bado liko.

Wakhungu alikwenda siku kavu ya Juni, na mashine, holda mpya, mbao za kusimamia, na benchi limefungwa juu ya pikapu. Majirani walijipanga kwenye ua kutazama. Akaliweka benchi likaelekea kwenye mahindi. Mzee akaja akaketi, akampa mgongo bila kuambiwa.

Kazi ilipoisha, Wakhungu alizima, akachomoa, akanawa, akaja akasimama mbele yake. Mzee hakuinua mkono. Hakuinua kofia pia.

“Umezima?”

“Nimezima, baba.”

“Iko wapi hiyo kitu ya kuingiza kwa ukuta?”

Wakhungu akaenda akaleta plagi, waya ukiburuta nyuma yake kwenye nyasi. Mzee Khisa akaipokea kwa mkono wa kushoto. Akaigeuza, akayapapasa meno yake matatu, akaifumbata. Kisha, polepole, akaunyoosha mkono wa kulia, ule mgonjwa.

“Mulembe, mwanangu.”

Wakhungu anasema walikaa hivyo mpaka chai ikaletwa, na mzee alikataa kikombe kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Sasa, akifunga nati za mwisho za mkokoteni wa Mama Jepkorir, anaeleza mpango wake. Anataka kufungua kibanda Misikhu kabla ya mwaka kwisha, karibu na soko lilelile lililomkimbiza. Benchi la huko tayari amelitengeneza, limeegemea ukuta likingoja rangi. Hofu yake ni watu. Maneno ya mkono wake hayajaisha yote.

Lakini mzee amesema siku ya kufungua watasalimiana mbele ya soko zima, na plagi ataishika yeye mwenyewe.

“Waya nimeshanunua,” anasema Wakhungu. “Mrefu. Ufike mpaka kwa benchi.”