Minazi Iliyoota Ndani ya Simu

Mimi ni msomi wa jioni. Darasa letu la kompyuta pale Kihonda lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na umeme ukikatika mwalimu aliendelea kufundisha gizani, nasi tukaendelea kuandika kwa kukisia. Mtu aliyefaulu hivyo hatishwi na kompyuta.

Siku tuliyofundishwa uhalisia ulioongezewa nilirudi nyumbani kichwa kimevimba hadi mlango ukanibana. Jambo lenyewe ni jepesi. Simu inatazama mahali kwa kamera yake, inapima ardhi ilivyolala, kisha juu ya picha ya mahali hapo inapachika kitu ambacho hakipo. Ukitembea, unakizunguka kama kipo. Muuza makochi anakuonyesha kochi lake sebuleni kwako kabla hujalinunua. Fundi anaelekeza simu kwenye injini, anaona pale pale nati ipi ianze kufunguliwa. Mwanafunzi wa udaktari anauzunguka moyo unaodunda juu ya meza bila tone la damu. Nikasema moyoni: kama simu inaweza yote hayo, itashindwaje kumwonyesha mjomba wangu nyumba?

Maana shida yetu ilikuwa nyumba. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alifiwa na mume. Kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, kwa hiyo migomba aliyoilima kwa mumewe miaka yote ilibaki kwa ukoo wa mumewe, naye akaja kwangu Kihonda na begi na sufuria zake. Alitaka kipande kwenye ardhi ya ukoo wetu, mlimani juu ya Mkuyuni, azeekee hapo. Ardhi hiyo msemaji wake ni mjomba, kaka yao mkubwa, na mjomba kila akiulizwa alijibu, "Tutaona." Nikasema basi, nitamwonyesha.

Tukapanda, mimi na mama mdogo. Kilima kile ni kikali kiasi kwamba mbuzi wa huko nadhani huzaliwa miguu ya upande mmoja mifupi. Nikamwamkia mjomba, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba huku akiitazama simu mkononi mwangu badala ya kunitazama mimi. Hakutukaribisha ndani. Akauliza nyuma yetu anakuja nani. Nikamwambia hakuna, ni sisi tu. Akachungulia njia kwa muda mrefu.

Nikaelekeza simu kwenye ile tambarare ndogo yenye mahindi yaliyovunwa, nikabonyeza. Nyumba ikasimama: bati la bluu, baraza, madirisha ya vioo. Mama mdogo akaweka mkono mdomoni. Mjomba akasogea, akatazama kwenye kioo, akatazama shambani, akarudi kwenye kioo.

"Mpwa," akaniita taratibu, "hii minazi kapanda nani?"

Hapo ndipo nilipoiona. Ile programu, kwa kupenda kwake mapambo, ilikuwa imezungusha nyumba kwa minazi mirefu yenye nazi.

Msomaji wa mjini atacheka. Sisi hatukucheka. Huko kwetu mtu anaweza kupewa shamba la ukoo alime mahindi na maharage mpaka achoke, lakini akipanda mti wa kudumu amedai ardhi. Kesi za mlimani nyingi zimeanzia kwenye mche mmoja. Nikaeleza kwamba ni picha, mashine imeiweka yenyewe.

"Mtu hapandi mti kwenye ardhi ya watu kwa bahati mbaya," mjomba akasema. "Sembuse msitu. Mnunuzi uliyemletea ardhi yetu yuko wapi? Yuko stendi ya Msamvu anasubiri umpigie?"

Nikaapa kwa kila kitu ninachokijua. Akachukua panga, akaniamuru nishike simu vizuri, akaenda kusimama penye mnazi wa karibu na baraza, akaupiga pigo ambalo lingeangusha mnazi wa kweli na wa jirani yake. Panga likapita hewani. Kwenye kioo mnazi ukabaki umesimama, hata kuti halikutikisika.

"Umekatika?"

"Hapana, mjomba."

"Basi huo ndio mbaya zaidi." Akarudi akihema. "Na hiyo simu ikishaliona shamba letu, inakwenda kumwambia nani?"

Cheti changu kina muhuri, lakini swali lile darasani hatukulifikia. Nilikumbuka tu kwamba kabla ya kuwaka programu iliniomba ruhusa ya kamera, kisha ya kujua nilipo, nami nilikubali zote bila kusoma. Nikazima.

"Umeizima," akauliza, "au imefumba macho tu?"

Mama mdogo akasogea katikati yetu. "Kaka, mimi sikuja kuomba minazi. Nimekuja kuomba pa kulala."

Mjomba akamwambia aende asimame pale alipouona mlango. Mama mdogo akaenda bila kusita. Mjomba akaingia mgombani, akatoka na mche wa mfenesi wenye udongo wake, akaita majirani wa pande zote mbili waje waone. Mbele yao akamkabidhi dada yake jembe, akamwambia achimbe na apande kwa mkono wake mwenyewe.

"Jenga hapa," akasema. "Na hiyo minazi ikija kudai, itakuta mfenesi umetangulia."

Nyumba imesimama sasa. Bati si la bluu, madirisha ni ya mbao. Mfenesi umenipita kiuno. Majuzi nikiwa Kihonda ile programu iliniuliza kama ningependa kurudi kwenye eneo nililohifadhi, ilhali mimi sikuhifadhi eneo lolote. Niliifuta. Nikipanda mlimani simu hukaa kwenye mkoba, imezimwa, na mjomba bado hukaa upande ambao mkoba haumwoni.