Hatua Iliyoogopa Maharage

Mwalimu wetu wa karate, tuliyemwita sensei, alipenda methali moja: samaki mkunje angali mbichi. Na alitukunja kweli. Kila jioni baada ya shule tulijipanga uani kwake, Bukiriro, wilayani Ngara, tukairudia kata ya kwanza mpaka mapaja yakatetemeka. Kata ni kupigana na adui asiyeonekana: unakinga, unageuka, unasonga mbele hatua tatu, na katika ile ya tatu unapiga ngumi kwa ukelele wa kutoka tumboni. Hiyo ya tatu ndiyo roho yake. Goti linapinda, mguu unakwenda mbali, mwili wote unaufuata.

Sisi hatukwenda mbali. Mbele yetu palitandazwa turubai la maharage ya sensei. Maharage yakiisha ni mahindi, mahindi yakiisha ni muhogo. Turubai lile halikupata likizo. Tuliyapura sisi, tukayapepeta sisi, tukayageuza sisi kabla ya mazoezi, maana mkono mtupu haulambwi. Kisha tukapiga kata huku tukichunga vidole. Tukifika hatua ya tatu tuliufupisha mguu, na aliyegusa turubai aliizunguka nyumba akiruka kichura.

"Mtanyoosha mbele ya safari," alisema. "Kwanza msingi."

Mimi nilikuwa na haraka. Biharamulo mjini kulikuwa na darasa la juu, la kata ngumu na kupigana wawili wawili, na aliyefaulu mtihani wa kata ya kwanza alipokelewa huko. Shangazi yangu anayeishi pale alikwisha kunitengea kitanda. Wakati ule sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Mtihani wenyewe ulifanyikia hukohuko Biharamulo, katika ukumbi mpana wa sakafu ya saruji, usio na hata kiti katikati. Tulianza vizuri. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu, darasa zima, kama ng'ombe waliofika kwenye uzio, tukasimama kabla ya maharage ambayo hayakuwapo. Sauti zetu ziliujaza ukumbi, miguu imefupika.

Mtahini, mzee mwenye mkanda mweusi uliochakaa, alikuja akasimama mbele yangu, akaitazama sakafu.

"Mbele yenu kuna nini?"

Tulimgeukia sensei. Angesema neno moja tu, turubai, ningemheshimu mpaka kufa.

"Hawa nimewaambia sana, mzee," alisema. "Watoto wa siku hizi hawasikii."

Mtahini akatikisa kichwa, akaturudisha wote tukajenge msingi upya. Tulipokuwa tunarudi Ngara kwa basi, sensei alitununulia ndizi za kuchoma, na wenzangu wakala, wakamshukuru. Mimi yangu niliitupa dirishani.

Jumatatu nilimkuta anatandaza turubai palepale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Sensei, leo tulisogeze kidogo."

"Hayajakauka, binti. Jua liko hapa."

Tukajipanga. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikaipeleka inapopaswa kufika, goti limepinda, ngumi imenyooka, na ukelele ulionitoka sikuwahi kuusikia kwangu. Mguu ukatua katikati ya maharage, punje zikatawanyika vumbini. Wenzangu waliiacha kata, wakapiga magoti kuziokota. Hakuna aliyeniangalia usoni. Niliwachukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Sensei aliutazama mguu wangu muda mrefu, kwa jicho la mwalimu kabisa: kisigino, goti, nyonga.

"Hatua hiyo ni sahihi," alisema. "Sasa vua mkanda, uende kwenu, na usirudi hapa."

Shangazi alikipangisha kile kitanda kwa mtu mwingine. Siku hizi nikipita Bukiriro naona watoto wengine uani, na turubai lipo. Kata ya pili siijui mpaka leo.