Dume nililochagulia mama mukwe

Sogeeni, bamama na bapapa, na weye mwenye umeanza kucheka mbele sijasema, funga kinywa. Hii habari inanipiga haya mpaka leo.

Nilikuwa nimeoa, hata mwaka haujaisha. Pale Mugunga nilikuwa najisifu: dume la kondoo likikohoa tu ng'ambo ya ziwa, nakwambia litazalisha wangapi. Mama mukwe, mujane, dume lake likakufa. Kondoo wake ndio walikuwa wanalisha batoto. Akasema, mukwe wangu fundi anichagulie lingine.

Tukaenda soko, yeye anavuta jike moja la kubadilisha. Nikaona dume nono, mugongo mupana, ungeweka meza pale juu na batu bane bakule. Nikafungua kinywa, meno mazuri. Nikainua kwato, safi. Ikabaki kazi yenyewe: kupitisha mukono nyuma, kupima makende kama ni mazito, kama ni magumu. Lakini mama mukwe amesimama hatua mbili! Kwetu mukwe hali hata chakula mbele yake, sasa nishike makende? Nikaangalia chini, shingo inawaka moto.

Muzee mwenye dume akauliza:

"Kijana, ni la kuchinja ao la kuzalisha?"

Niseme "kuzalisha", mama mukwe anasikia? Nikajibu:

"Ni la nyumbani."

"Basi chukua."

Mvua ikaja, ikaisha. Majike matupu, hakuna hata moja lenye mimba! Dume linakula, linalala, linanenepa kama chefu wa ofisi. Jirani akapitisha mukono, akaruka:

"Hili lilipondwa zamani!"

Kwetu kondoo wa nyama tunamuponda makende na fimbo. Mufuko unabaki unaning'inia, kwa macho huoni kitu, mpaka ushike. Hata mutoto anajua. Mama mukwe alikuwa ameshauza majike mawili juu batoto bakule, na hakuna hata mwana-kondoo mumoja wa kuyarudisha.

Nikaenda kupiga magoti. Mimi fundi, nilikuwa mudogo kuliko kupe. Macho chini, nikasema:

"Mama, unisamehe. Sikushika. Nilikuonea haya, ulikuwa umesimama pale."

Kisha akapiga mikono:

"Ee mutoto wangu! Na miye niligeuka kuangalia ziwa mpaka shingo ikakauka, juu weye upate kushika! Ulikuwa unangoja nini?"