Siku ya Tisa Bila Chumvi

Asubuhi hiyo Glory alifua shuka lilelile mara mbili, na mara ya pili halikuwa na doa hata moja. Ilikuwa Julai, kipupwe kimeshika, na upepo wa kusi ulikuwa unaingia mtaa wa Rahaleo kwa fujo, ukichezea kanga kwenye kamba na kuwatoa watu wa Mtwara na masweta. Siku nyingine Glory, mzaliwa wa Marangu, mlimani Kilimanjaro, angewacheka: hii nayo ni baridi? Siku hiyo hakumcheka mtu. Alikuwa na ujumbe kwenye simu.

Ulitoka kwa mumewe, Erasto, aliyekuwa kwao Nanyamba tangu mtoto wao Samweli aingie jandoni. "Kidonda cha Sam bado kibichi. Wenzake wote wamekauka. Wazee wanauliza kama nyumbani mnashika mwiko."

Mwiko wenyewe ulikuwa chumvi. Katika ukoo wa Erasto, mtoto akiwa kumbini, kwenye kambi ya jando, mama yake hagusi chumvi mpaka mwana apone. Akigusa, kidonda hakifungi. Ili mambo yasiende kombo, mama mkwe, Rozalia, alifunga safari kutoka Nanyamba na mkeka wake na kuku mmoja, akahamia kwa mkamwana wake. Bibi huyo alikuwa amekula chumvi nyingi duniani, lakini tangu alipofika, pakiti ya chumvi ilifungwa kitambaa ikawekwa juu ya kabati. Wakala kisamvu chapwa, samaki chapwa, maharage chapwa.

Glory alimjibu mumewe neno moja: "Tunashika." Uongo mtupu.

Ukweli ni kwamba Glory, karani wa bandari, msomi, alikuwa likizoni, na kila siku saa nne aliaga kuwa anakwenda maktaba ya mkoa kusoma. Na alikwenda kweli, tusimsingizie. Ila njiani alipita kwa Mwanahamisi, muuza ming'oko, mizizi ile myembamba ya porini ambayo watu wa kusini huichemsha. Alisimama pale akala fungu zima kwa chumvi na pilipili, akajifuta midomo, akaenda zake kusoma riwaya ya mapenzi. Siku nane mfululizo. Na moyoni alikuwa anacheka. Chumvi iliyoliwa Rahaleo itakifikiaje kidonda kilicho Nanyamba? Itapanda basi?

Siku ya tisa swali hilo halikumchekesha tena.

Alianika shuka, akafagia uwanja, akafagia tena. Rozalia, aliyekuwa barazani akichambua choroko, alimtazama juu ya ungo.

"Mama Sam, uwanja utautoboa huo."

"Vumbi limezidi, mama."

"Vumbi halijakukosea kitu. Nenda kasome kitabu chako."

Akaenda. Mwanahamisi alimwona kwa mbali, akaanza kumchagulia ming'oko iliyonona.

"Shoga! Mbona leo wanipita kama hatujuani?"

"Nimeshiba," Glory akasema, akakaza mwendo bila kugeuka.

Maktabani alizima simu, maana aliogopa Erasto asije akauliza tena. Akafungua riwaya. Bwana harusi alikuwa amemwacha bibi harusi kanisani. Glory alisoma ukurasa huo mara nne asijue kwa nini, wala asitake kujua. Alichokiona yeye ni Sam, miaka kumi na mmoja, anayekimbia hata sindano, amelala kwenye majani akiuma pindo la kanga. Alijichukia kwa kuogopa kitu asichokiamini, na alijichukia zaidi kwa ile ming'oko. Mtu anaweza asiamini jambo na bado likamtoa jasho kwenye baridi. Asiyejua hilo hajazaa.

Akarudisha kitabu bila kukimaliza. Akaenda sokoni kununua mkaa, akatoka na sabuni. Akasimama nje ya kanisa, akafikiria kuingia kuungama, akaghairi. Angesema nini? Baba, nimekula ming'oko? Akazunguka mitaa mpaka miguu ikamuuma, na ilipofika saa tisa akaingia kwake, akayasema yote kabla hajavua viatu.

"Mama, nimekula chumvi."

Rozalia hakuinua uso. "Najua."

"Siku zote nane!"

"Najua, mwanangu. Pilipili ya Mwanahamisi ina harufu. Wewe hujafika mlangoni, yenyewe imeshafika."

Glory akaangua kilio. "Sasa Sam mwanangu—"

"Sam alipelekwa zahanati. Erasto alinipigia asubuhi, wewe unafua lile shuka. Nikamwambia, kidonda kibichi siku tisa kina usaha, achukue pikipiki ampeleke sasa hivi. Sikukwambia kwa sababu ungekimbilia kumbini, na mama hafiki kule. Saa saba akanipigia tena: wamemsafisha, wamemchoma sindano, mtoto kalia, kanyamaza, kaomba soda. Nimekupigia mara tatu nikwambie. Umezima."

Glory alikaa chini kwenye sakafu, na sabuni yake mkononi. Furaha ilimjia kwanza. Kisha aibu: yeye msomi alishinda kutwa nzima akiiwaza ming'oko, na neno daktari halikumpitia kichwani hata mara moja. Kisha zikaja hasira, na hizo hakuzizuia.

"Kumbe unajua chumvi haina kosa! Mbona basi umenilisha chapwa siku tisa?"

Bibi aliweka ungo chini.

"Erasto alikuwa na kaka yake, Stefano. Alipoingia jandoni sikugusa chumvi hata punje. Siku ya kumi na mbili wakaniletea habari kuwa amekufa." Aliokota punje ya choroko iliyodondoka, akairudisha kwenye ungo. "Matanga hayajaisha, wazee wakaja kukagua vyungu vyangu. Wakawauliza majirani, wakamuuliza mama yangu mzazi. Hawakukuta kitu. Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja alifiwa hivyohivyo, yeye wakamkuta na kosa. Wakamwita muuaji wa mwanawe mpaka akahama. Sam ana daktari. Mimi nilikuja huku kwa ajili yako wewe, ili wakiuliza, pawepo mtu aliyeona."

Glory alijipangusa macho kwa kiganja.

"Na wakiuliza, mama?"

"Wameshauliza kwa simu, saa sita. Nimewaapia kwa jina la Stefano kwamba hujagusa hata punje."