Nyama ya Mlima Itarago

Robi alizaliwa chini ya Mlima Itarago, ule unaoutazama mji wa Tarime, na maisha yake yote ameuona ukivuliwa nguo. Alipokuwa msichana, wazee walipanda juu kuomba mvua, na mtoto aliyethubutu kukata hata fito huko alichapwa. Ukaja mnara wa simu, mlima ukanyolewa utosi. Mji ulipoanza kupanda maghorofa ikaja mashine ya kusaga kokoto, upande wa magharibi ukaliwa mpaka ukabaki ukuta mwekundu unaonuka dizeli. Vumbi likalala juu ya mihogo, juu ya sufuria, juu ya kaburi la mumewe, Mseti. Na uchafu wote huo una jina zuri: maendeleo. Ptuu!

Ulibaki upande mmoja tu, wenye chemchemi ambayo kitongoji kizima kinaitegemea. Mwenye mashine aliutaka na huo. Majirani wote walishakubali, bado Robi, na shamba lake ndilo lililoziba njia ya malori.

Sasa, kwa watu wa Itarago, mambo ya ardhi hayaishii kwenye maneno. Huchinjwa ng'ombe, na aliyekula hana tena mdomo wa kukataa. Ndiyo maana Robi alizikwepa karamu za yule bwana kama ukoma.

Jumapili moja Simoni, mwenyekiti wa kitongoji, akamwita kwake. Mjukuu wake amebatizwa, alisema, bibi aje ambariki. Robi akaenda, tumbo tupu tangu asubuhi, na njaa mwana malegeza. Wakampa maini. Alipomeza tonge la mwisho, mwenye mashine akatokea chumbani anacheka, na Simoni akapiga makofi.

"Bibi Robi amekula! Jamani, ng'ombe huyu ni wa mlima!"

Watu wakashangilia huku mafuta yakiwachuruzika hadi viwikoni, watu walewale ambao asubuhi walikuwa wamepanga ndoo kwenye chemchemi. Robi aliwatazama akaona kinyaa. Akajionea kinyaa na yeye mwenyewe, maana maini yalikuwa matamu.

"Wewe mura, kijana wa juzi," alimwambia Simoni, "umenidanganya kwa ubatizo wa mtoto?"

"Usikasirike, bibi. Kilichoingia tumboni hakirudi."

Robi aliisogeza sahani yake, akatia vidole viwili kooni, akatapika humo mbele ya wote, mara ya kwanza, na ya pili, mpaka ikatoka nyongo tupu. Makofi yakakatika. Mtu mmoja akaziba pua.

Akajifuta mdomo kwa kitenge. Kisha akaibeba ile sahani kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaiweka mezani mbele ya Simoni.

"Hesabu vipande, mwanangu," alisema. "Nisije nikaondoka na cha kwenu."