Nili-flash BIOS ya kuchonga kwenye kompyuta ya mdarizi, ikawaka vizuri, halafu leseni ikaikana

Wakuu wa jukwaa la hardware, shikamooni wakubwa, na mambo kwa wadogo.

Hii nimeishi nayo wiki tatu nikiona aibu kuisimulia. Leo nimeamua. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nimeuacha kama ulivyo.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Kahama. Nina mwaka wa tano Kigali, nina kibanda cha ufundi wa kompyuta hapa Kimisagara. Natengeneza desktop zaidi, zile used za maofisini.

Sasa kuna kitu lazima mkijue kuhusu mji huu. Usafi hapa si mchezo. Fundi mwenye kibanda kichafu hapati mteja hata awe na digrii saba. Kwa hiyo nina utaratibu wangu: kompyuta ikiingia kwangu, kabla ya yote naipuliza vumbi, naifuta kwa spirit, nabandua stika zote zilizochakaa. Ikitoka inang'aa. Wateja wanapenda sana, na mimi nilikuwa najisifia.

Mkumbuke hiyo.

Jumatano moja akaja Mama Kezia. Huyu mama ana karakana ya kudarizi mtaa wa nyuma yangu. Ni Mnyarwanda aliyekulia Ngara, Kiswahili chake kinaweza kukufundisha wewe. Ana mashine moja kubwa ya kudarizi, inaendeshwa na program iliyo kwenye desktop yake. Anashona beji za sweta za shule.

Aliileta kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, kama kile wanachofunikia redio kina bibi. Pembeni kina maua, katikati kina maandishi maandishi.

"Fundi, mwanangu, imekuwa nzito. Nikifungua mchoro mmoja nakunywa chai naimaliza. Na shule zinafungua Jumatatu, nina beji za shule mbili."

Nikakitoa kile kitambaa, nikakikunja, nikamrudishia huku nacheka. "Mama, hiki rudi nacho. Vumbi ni kazi yangu."

Akacheka pia, akaenda nacho.

Dawa ya hiyo kompyuta ilikuwa rahisi mno. Hard disk ya zamani, toa, weka SSD ya kawaida ya SATA, hamisha data, kwisha. Saa mbili za kazi.

Lakini wakuu, nilikuwa na NVMe mpya kwenye droo, zile SSD nyembamba zenye kasi, na adapta yake. Board ya Mama Kezia ni ya zamani, haiwezi ku-boot, yaani kuwaka, kutoka NVMe. Ili iweze, unahitaji BIOS ya kuchonga, yaani mtu amechukua ile program ya kwanza kabisa ambayo board inaisoma ikiwashwa, akaiongezea kipande cha kuitambua NVMe.

Nilikuwa nimeshaisoma sana mitandaoni ila sijawahi kuifanya kwa mkono wangu. Kiherehere kikanipanda. Nikajisemea leo ndio leo.

Alhamisi asubuhi nikapata file ya model ile ile. Kwenye tool ya ku-flash, yaani kuiandika BIOS mpya, kuna kitufe cha kuhifadhi BIOS ya zamani kwanza. Nilikiona kabisa kwa macho yangu haya mawili, nikakiruka. Nikabonyeza flash. Asilimia mia. Nikarestart.

Feni zikazunguka. Screen nyeusi. Keyboard haina hata taa.

Nikasubiri dakika kumi. Nyeusi.

Nikatoa betri ya CMOS, ile ndogo ya kwenye board, nikabakiza RAM moja, nikajaribu flash ya recovery. Kataa. Ndipo nikainamia board na tochi, nikaona kwenye kona pameandikwa rev 2.0. Ile file niliyoweka ilikuwa ya rev 1.0. Model moja, toleo tofauti. Nilikuwa nimeshaiua kompyuta ya watu.

Lakini mimi kwetu nimelelewa kwamba ukivunja chungu cha mtu, hukai chini kulia, unatafuta udongo.

Ijumaa asubuhi nikapanda hadi mtaa wa Gatsata kwa Mzee Gaspard. Huyu ni fundi wa umeme wa magari, amerudi kutoka Uganda miaka mingi. Kazi yake ni kufufua control box za magari, kwa hiyo ana programmer, kile kidude cha kusoma na kuandika chip moja kwa moja, pamoja na clip ya kuibana chip yenye miguu minane.

Mzee ana daftari. Gari lolote likiingia, kabla hajagusa kitu anasoma chip mara mbili, anaangalia kama zimefanana, anahifadhi, anaandika plate number. Hata gari liwe limeungua.

Akanipa vile vifaa, ila akavishikilia kidogo kabla ya kuviachia.

"Wewe kijana, soma kwanza. Hata kama iko imekufa, soma. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wakuu, sikusikia. Nikiwa njiani kurudi nikawaza: nisome nini sasa, BIOS yenyewe nimeshaiharibu, nisome uharibifu? Mafundi tuna group letu la WhatsApp, mtu alikuwa ameshanitumia file iliyosomwa kutoka board kama ile, rev 2.0 kabisa. Ya nini kupoteza muda?

Clip ilinitesa. Mara ya kwanza chip haionekani, mara ya pili haionekani. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa betri, nikafuta miguu ya chip kwa spirit, nikageuza clip ule waya mwekundu ukae upande wa kinukta cha kwenye chip. Mara ya tatu ikaonekana. Nikafuta chip nzima, nikaandika file ya group, nika-verify. Safi.

Nikawasha. Logo hiyo hapo!

Niliruka mpaka jirani anayeuza mikate akauliza kuna nini. Mambo ya NVMe nikayaacha palepale, nikafunga SSD ya SATA, nikahamisha kila kitu, na saa tisa nilikuwa mlangoni kwa Mama Kezia na kompyuta begani.

Ikawaka ndani ya sekunde chache. Mama akapiga makofi, Kinyarwanda cha furaha kikamtoka. "Yampayinka! Fundi, hii ndiyo ile ile?"

Akafungua program yake ya kudarizi.

Ikaandika: kompyuta hii haijasajiliwa.

Akafunga, akafungua tena. Vile vile. Mimi nikajaribu mara mbili. Mara ya nne ikaongeza mstari chini: limebaki jaribio moja, baada ya hapo leseni itafungwa.

Nikamwambia asiiguse tena.

Leseni ile ilifungwa kwenye kompyuta ile kwa namba zake: serial number ya mashine na MAC address ya network. Kwenye board yake vyote viwili vinakaa kwenye kona ya chip ambayo flash ya kwanza haikuigusa, ila mimi nikaja kuifuta chip nzima. Mimi nimeandika file ya board ya mtu mwingine, kwa hiyo kompyuta ya Mama Kezia sasa ilikuwa inajitambulisha kwa jina la kompyuta nisiyoijua. Na aliyemuuzia ile program alishahama Kigali, simu haipatikani. Michoro yake yote ya miaka minne inafunguka kwenye program hiyo tu. Bila leseni, ile mashine kubwa ni meza ya chuma.

Nikampigia Mzee Gaspard.

"Ulisoma kwanza?"

"Sikusoma, mzee."

"Eh. Angalia stika basi. Iko na namba zote."

Stika! Nikaigeuza kompyuta ubavuni, na ubavu ulikuwa unang'aa kama sahani ya harusi. Nilikuwa nimezibandua zote siku ile ya Jumatano kwa mkono wangu, ya kwenye kasha na ya kwenye board, nikazitupa, na gari la taka lilishapita Alhamisi.

Nilimwambia Mama Kezia "kesho itakuwa tayari", nikabeba kompyuta nikaondoka. Alipiga simu mara tatu jioni ile. Sikupokea. Hapo ndipo najichukia mpaka leo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa msiojua, hiyo ni siku ya umuganda. Asubuhi maduka yanafungwa, kila mtu anatoka na jembe kufanya kazi ya mtaa. Hakuna cha fundi, hakuna cha mteja.

Sasa mimi na Mama Kezia ni wa umudugudu mmoja, yaani kitongoji kimoja. Tulipangiwa kuzibua mtaro wa maji ya mvua. Nikajisogeza mwisho wa mstari. Nainua kichwa, huyo hapo pembeni yangu, ana koleo na gumboot.

"Fundi. Simu yako ina shida?"

Pale huwezi kusema una mteja, huwezi kusema umeme umekatika. Una jembe mkononi na uko ndani ya mtaro na mtu uliyemdanganya. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba kazi ilikuwa ndogo nikaikuza kwa ujuaji. Kwamba sikuhifadhi ya zamani, na nilionywa. Kwamba namba za kompyuta yake nimezifuta ndani na stika nikaitupa.

Akaendelea kuchota tope. Koleo moja, la pili, la tatu. Wakuu, heri angenitukana.

Halafu akasimama. "Hizo namba zikoje?"

"Ni herufi na tarakimu zimechanganyika, mama. Mistari miwili. Ilikuwa kwenye stika nyeupe ubavuni."

Akaegemeza koleo. "Si zile za kwenye kitambaa changu?"

Sikuelewa.

"Siku niliponunua mashine nilitaka kuijaribu herufi. Sikujua niandike nini. Mbele yangu kulikuwa na ile kompyuta, nikanakili ile karatasi yake ya ubavuni yote, mstari kwa mstari, nikazungushia maua. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Ndicho ulichonirudishia."

Nilitaka kumbeba mama wa watu juu juu. Ila kwenye umuganda huondoki mpaka uishe, na baada yake kuna mkutano wa mtaa. Nilikaa kwenye ule mkutano sijui hata kilizungumzwa nini.

Saa tano na nusu tulikuwa kwake. Kitambaa kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa. Serial number yote inasomeka. MAC address yote inasomeka, isipokuwa herufi moja ya karibu na mwisho. Uzi wake ulikuwa umelika. Ni 8 au ni B?

Na jaribio lilikuwa limebaki moja.

Mimi nikatoa tochi, nikapiga picha, nikakuza. Siioni. Mama Kezia akaninyang'anya kitambaa, akakigeuza nyuma, akapitisha kidole juu ya nyuzi.

"Nane inazunguka pande zote. Hii upande huu imenyooka. Ni B."

"Una uhakika, mama?"

"Nimeishona mimi."

Nikarudi kibandani. Safari hii nikasoma chip mara mbili, nikalinganisha, zikafanana, nikahifadhi sehemu mbili tofauti. Nikaingiza MAC kwenye file. Checksum, ile hesabu ya kuhakiki file, ikagoma. Nikarekebisha, ikagoma tena, nikarudia kutoka mwanzo bila haraka, ikakubali. Nikaandika, nika-verify, nikaweka na serial. Nikawasha na kukagua herufi moja moja na kitambaa kikiwa mapajani.

Nikaibeba hadi kwake. Nikamwambia afungue yeye, mimi siwezi.

Akabonyeza. Kikazunguka kile kiduara, nikahisi kimezunguka mwaka mzima.

Michoro yake ikajipanga kwenye screen, ya kwanza hadi ya mwisho.

Sikulia, ila nilitoka nje kidogo. Niliporudi mashine ilishaanza kupiga beji ya kwanza. Jumatatu watoto wa shule zote mbili walivaa.

Wakati naaga, nikaona Mama Kezia anachukua kile kitambaa, anakikung'uta, anaifunika kompyuta taratibu, anavuta pembe mpaka zikae sawa. Akanigeukia.

"Fundi, vumbi ni kazi yako. Namba niachie mimi."

Wakuu, nimekoma. Soma chip kabla ya kuandika, hata kama imekufa, kwa sababu ndani ya maiti ile kuna jina la mtu. Angalia rev kwenye board. Mteja akihitaji SSD ya kawaida, mpe SSD ya kawaida. Na ukishaharibu, pokea simu.

Stika siku hizi sibandui. Kibanda kinang'aa, stika zimebaki na uchafu wake.

Mzee Gaspard nilipomrudishia programmer hakuniuliza kitu, alinipa tu daftari jipya.

Haya, nipigeni mawe sasa. Na wewe uliyewahi kuua board ya mteja ukakimbia simu, njoo ukiri hapa, hutakuwa peke yako.