Dawa Ndani ya Chai

Wateja walimwita Mama Chai, na jina lilimkaa sawasawa. Aliuza chai kwenye lango la gereji, na mafundi waliapa kwamba bila kikombe chake mikono yao haishiki spana. Akisifiwa alivimba kichwa kidogo, tusimfiche.

Lililomshinda ni binti yake, kitindamimba. Mtoto alikuwa hataki kula. Wali akiletewa anafunga mdomo, maharage anayatema. Udongo wa ukutani ndio aliolamba, na mama akimfumania anampiga kikofi, kisha analia yeye mwenyewe. Kitu pekee alichopokea bila vita ni chai ya maziwa. Basi akapewa asubuhi, mchana na jioni. Mama gani angemnyima?

Kliniki walimfunua kope, wakaona weupe, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu. Mtoto akaionja, akaitema yote kwenye gauni la mamake. Mama Chai akatumia akili: akaikoroga kwenye chai. Ikanyweka mpaka tone la mwisho! Siku hiyo mafundi wote walihadithiwa, wakaongezewa na sukari ya bure.

Lakini mtoto akazidi kupauka. Akaacha kucheza, akawa anashinda amelala nyuma ya jiko, na akitembea kidogo tu anahema. Homa ilipompata, mama alimbeba mbio hadi hospitali.

"Dawa ulikuwa unampaje, mama?" muuguzi aliuliza huku akitafuta mshipa.

"Sijaruka hata siku moja, dada yangu. Namtilia kwenye chai."

Muuguzi aliupata mshipa, akabandika plasta. Kisha akamweleza taratibu kwamba chai huizuia dawa ile isiingie vizuri mwilini, maziwa nayo vilevile, na kwamba tumbo lililojaa chai halisikii njaa. "Hukujua, mama. Usijilaumu. Ila kuanzia leo, chai basi."

Usijilaumu! Rahisi kusema. Mama Chai alitamani sakafu immeze.

Mtoto akatundikiwa damu. Jioni akafumbua macho.

"Mama, nataka chai."

"Hapana, mwanangu. Kunywa uji."

"Kidogo tu."

"Nimesema hapana!" Alifoka ili asilie.

Mtoto hakubishana. Alifumba macho, na hakuyafumbua tena.

Siku hizi Mama Chai amerudi langoni, maana watoto wake wengine lazima wale. Anamimina, anapokea, anarudisha chenji. Juzi fundi mmoja mzee, aliyemzoea kama dada yake, alimwinamia akamwambia asijitese kwa vile vikombe alivyompa mtoto, kwani alimpa kwa mapenzi.

"Vikombe hivyo nimeshavililia, kaka," alisema, akiendelea kumimina. "Ni kile kimoja nilichomnyima. Kingemdhuru nini?"